Kutangaza mradi wa maunzi huria: Kickstarter, Crowd Supply, jukwaa la mkutano au daftari la wazi?

Bodi yako ya elektroniki imewaka, mfumo wa Linux umepanda, na faili za KiCad, programu huria ya kuchorea bodi, zimejaa kwenye kompyuta yako zikisubiri wenyewe. Sasa unataka watu wajue. Hapa ndipo wabunifu wengi wa maunzi huria (vifaa ambavyo usanifu wake uko wazi kwa wote) hukimbilia jambo la kwanza linalowajia kichwani: kufungua kampeni ya kuchangisha pesa mtandaoni. Ngoja kwanza. Njia za kutangaza ziko kadhaa, na kila njia huleta watu wa aina yake. Ipo inayoleta wanunuzi, ipo inayoleta mafundi, na ipo inayokupa imani ya watu ambao hawajawahi kukuona. Ukichagua vibaya utapata umati wa watu usiowahitaji, wote wakidai kitu ambacho hujawa tayari kukitoa. Heri ukimya.

Programu huria ni rahisi kuitangaza. Mtu akisikia habari yake anaipakua, anaijaribu, isipompendeza anaifuta, na chai yake haijapoa. Bodi haiendi hivyo. Anayetaka kuijaribu ataagiza sakiti tupu kutoka kiwandani, mara nyingi Uchina, atatafuta vipuri, ataketi na lehemu, na huenda chipu moja ikawa imeadimika madukani. Kwa hiyo tangazo la maunzi linamwomba msikilizaji mambo makubwa zaidi, yaani pesa yake, wikendi yake, au vyote viwili. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu yeyote mwenye bodi mpya ni moja tu: unatafuta mikono au unatafuta pesa? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kwanza iwe huria kweli

Ufafanuzi wa maunzi huria, toleo 1.0, ulitoka mwaka 2011, baada ya mkutano wa kwanza wa Open Hardware Summit uliofanyika New York mwaka 2010. Kiini chake ni kwamba mtu yeyote awe na ruhusa ya kuusoma usanifu wako, kuubadilisha, kuusambaza, kutengeneza kifaa na kukiuza. Naam, kukiuza pia. Hapo wengi hushtuka, kisha wanatafuta ujanja wa kuzuia biashara huku wakiendelea kujiita huria. Ukitangaza hivyo mbele ya watu wanaoijua kazi hii, utaumbuka siku hiyohiyo.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, hutajwa sana kama mfano wa maunzi huria, nayo siyo. Huendesha programu huria, na imefanya makubwa katika elimu, lakini faili kamili za bodi zake hazitolewi. Arduino, iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ndiyo iliyotoa michoro yake, na ndiyo sababu bodi zinazofanana na Arduino Uno zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, ukiwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi.

Kabla ya tangazo lolote, basi, weka hadharani faili asilia za mchoro na za bodi (picha za PDF peke yake hazitoshi), orodha ya vipuri yenye namba kamili za watengenezaji, programu inayoendesha kifaa, na leseni. Leseni za maunzi za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, toleo la 2 lililotoka mwaka 2020, zimegawanyika mara tatu. S inamlazimisha anayebadilisha kazi yako naye aitoe wazi. W inalegeza kidogo ili kazi yako iweze kukaa ndani ya kifaa kikubwa kisicho wazi. P inamwachia afanye atakavyo mradi atunze taarifa za mwandishi na leseni. Amua mapema. Kubadili leseni baada ya watu kumi kuchangia ni kumfuata kila mmoja wao na kumwomba ridhaa.

Kickstarter au Crowd Supply: mbio za pesa

Majukwaa haya mawili ya kuchangisha pesa mtandaoni ndiyo watu huyauliza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kickstarter ilianza mwaka 2009 na ina umati ambao hakuna jukwaa jingine la namna hii linaloweza kujigamba nao. Sheria yake kuu ni yote au hola: usipofikia lengo, hupati hata senti, na wachangiaji hawakatwi kitu. Mwaka 2012 iliongeza masharti kwa wenye vifaa, ikasema waziwazi kwamba yenyewe si duka, na ikapiga marufuku picha za kompyuta zinazoigiza kifaa ambacho hakipo. Lazima uoneshe kilichopo mezani. Kwa mradi huria sharti hilo ni neema, maana wewe unacho cha kuonesha.

Crowd Supply, yenye asili ya Portland, Oregon, ni ndogo na inachagua. Mradi hupitiwa na watu wanaojua vifaa kabla haujapanda, na wanaokuja kule wengi wao ni wahandisi, walimu na wadukuzi (wale wanaopenda kufungua na kuunda vifaa, si wezi wa mtandaoni) ambao neno "huria" kwao ni sababu ya kununua. Kule Kickstarter neno hilohilo hupita kama pambo. Mtu anataka kujua bei na tarehe ya kufika.

| | Kickstarter | Crowd Supply |
|---|---|---|
| Umati | Mkubwa, mchanganyiko | Mdogo, wenye ujuzi |
| Kuingia | Ukitimiza masharti unapanda | Huomba, hupitiwa, huchaguliwa |
| Nchi ya mbunifu | Orodha maalum ya nchi. Afrika Mashariki haimo | Wabunifu wa nchi nyingi, Singapore na Ujerumani wakiwemo |
| Kusambaza vifurushi | Kazi yako | Unapeleka shehena ghalani kwao, wao wanasambaza |
| Baada ya kampeni | Unatafuta duka lako | Huendelea kuuzwa palepale |

Mstari wa tatu ndio unaowakwamisha wengi wetu. Mbunifu aliyeko Dodoma, Kisumu au Bujumbura hawezi kufungua kampeni ya Kickstarter kwa kitambulisho na akaunti ya benki ya kwao. Njia iliyopo ni kuwa na kampuni na benki katika nchi iliyoorodheshwa. BRCK, kifaa cha intaneti kilichobuniwa Nairobi na watu wa Ushahidi, jukwaa la Kenya la kukusanya taarifa za wananchi, kilipitia Kickstarter mwaka 2013 na kukusanya zaidi ya dola 170,000, lengo likiwa dola 125,000. Nakitaja kwa sababu ya njia waliyoipita na si kwa sababu ya leseni. Watu wale walikuwa na jina na mtandao wa kimataifa kabla ya siku ya kwanza ya kampeni. Aliyemaliza chuo jana na ana bodi moja mkononi asijipime kwao.

Sasa tazama kampeni tatu, zote za kompyuta, zote zilizojinadi kwa uwazi wa usanifu wao.

Parallella, bodi ya kampuni ya Adapteva ya Marekani, ilipanda Kickstarter mwaka 2012 kwa bei ya dola 99. Lengo lilikuwa dola 750,000, wakapata karibu dola 900,000. Ahadi ilikuwa kuanza kutuma katikati ya 2013, lakini utumaji uliingia hadi 2014. Hawakuwa matapeli. Walikuwa wakitengeneza kitu kigumu huku saa inahesabiwa na maelfu ya watu waliokwisha kulipa.

C.H.I.P. ya Next Thing Co., Oakland, ilikuja mwaka 2015 na tangazo la maneno machache sana: kompyuta ya dola 9. Lengo lao lilikuwa dola 50,000. Watu zaidi ya 39,000 wakamwaga zaidi ya dola milioni 2. Kama kutangaza ni kupata masikio, hakuna aliyetangaza vizuri kuliko hao. Mwaka 2018 kampuni ilifungwa. Mimi naamini bei ile ndiyo iliyowapa umati na ndiyo iliyowabana, kwa kuwa dola 9 haiachi nafasi ya kosa hata moja kiwandani. Seva zao zilipozimika, watumiaji ndio waliokuwa wamehifadhi nakala za maelekezo na programu za kuwasha bodi, wakaendelea kupeana. Angalia, basi: kilichobaki baada ya kampuni kufa ni kile kilichokuwa kimetolewa wazi.

Novena ilipita njia nyingine. Hii ni kompyuta mpakato iliyobuniwa na Andrew "bunnie" Huang pamoja na Sean Cross huko Singapore. Huang alionesha bodi yake hadharani mwishoni mwa 2012, akisema ni kompyuta anayojitengenezea mwenyewe. Kampeni ya Crowd Supply haikuja mpaka Aprili 2014. Katikati hapo watu waliiona bodi, wakauliza maswali, wakasoma michoro, wakajibizana naye. Lengo la dola 250,000 lilipitwa mbali, ikafika zaidi ya dola 700,000, na bei zake hazikuwa za kubembeleza: dola 500 kwa bodi peke yake, 1,195 kwa toleo la mezani, 1,995 kwa mpakato, na 5,000 kwa toleo lenye kasha la mbao lililochongwa kwa mkono. Waliolipa walikuwa wanajua wanalipia nini.

Ukiniuliza mimi, kwa maunzi huria Crowd Supply inashinda mara nyingi, hata kama kiasi kitakachopatikana ni kidogo. Kickstarter ina maana pale kifaa chako kinapomfaa mtu asiyejua wala hataki kujua lehemu ni nini, na pale ulipo tayari na kiwanda, vipimo vya usalama na pesa ya akiba.

Kuhusu pesa, piga hesabu kabla ya kufurahi. Kickstarter hukata asilimia 5, na malipo ya kadi hukatwa takriban asilimia 3 pamoja na senti 20 kwa kila mchangiaji. Chukua bodi ya dola 60, wachangiaji 200. Makusanyo ni dola 12,000. Jukwaa linachukua 600, kadi zinachukua 360 na nyingine 40. Umebaki na 11,000, yaani dola 55 kwa kila bodi, na hapo hujanunua kipuri, hujalipa kiwanda, hujapima mawimbi ya redio, hujatuma kifurushi hata kimoja. Kukiwa na betri ya lithiamu ndani ya kifaa, usafiri wa ndege una masharti yake ya ufungaji na lebo, na si kila msafirishaji atakubali mzigo huo. Wachangiaji wa Ulaya watadaiwa VAT. Wasipoambiwa mapema watakulaumu wewe, wala hawataitafuta idara yao ya forodha.

Daftari la wazi, au kutangaza huku unajenga

Njia hii haina siku ya uzinduzi. Unafungua ukurasa wa mradi, iwe Hackaday.io, GitHub, GitLab au tovuti yako, na kila hatua unaiandika: nini kimefanya kazi, nini kimeungua, nini unahangaika nacho. Ni ya polepole na mwanzoni utahisi unaongea na ukuta. Lakini ndiyo inayoleta mikono.

Niseme kwa mfano. Tuchukue bodi ya kubuni, tuandike matangazo mawili ya kitu kilekile.

La kwanza: "Tunawaletea kompyuta ndogo ya kisasa itakayoleta mapinduzi katika elimu Afrika. Nguvu kubwa, bei ndogo, huria kwa asilimia mia moja. Jiandikishe sasa usikose nafasi!"

La pili: "Bodi ya milimita 85 kwa 56, prosesa ya RISC-V, RAM ya MB 512, umeme wa volti 5 kwa USB-C. Faili za KiCad, orodha ya vipuri na leseni ya CERN-OHL-S ziko kwenye ukurasa wa mradi. Hili ni toleo la pili. Ethaneti na kadi ya SD zinafanya kazi. HDMI bado inakata picha kwenye skrini kubwa. Nashuku urefu wa njia mbili zilizo karibu na tundu haulingani. Namtafuta mwenye osiloskopu ya kasi anisaidie kupima."

Tangazo la kwanza linaweza kuwa la kitu chochote, hata sabuni. La pili lina sentensi ya mwisho inayompa msomaji kazi. Mtu mwenye osiloskopu huko Kampala au Stuttgart akisoma pale, tayari ana sababu ya kuandika. Halafu ameshaambiwa ukweli kuhusu HDMI, kwa hiyo yale mengine mawili uliyosema yanafanya kazi atayaamini. Kukiri kasoro mapema kunauza kuliko sifa, angalau kwa watu wa fani hii.

Picha nayo ina uzito wake. Piga bodi kwa juu, mwanga wa dirishani, ukionesha jampa, yaani waya uliouongeza kwa lehemu, kurekebisha kosa la toleo la kwanza. Usiifiche. Fundi akiona waya ule mwembamba wa bluu anajua mara moja kwamba bodi hii imewahi kuwashwa na mtu halisi.

Daftari la wazi limewahi kuleta hata pesa. SatNOGS, mfumo huria wa vituo vya ardhini vya kupokea ishara za satelaiti, ulianza kwenye kikundi cha wadukuzi cha Athens, Ugiriki. Mwaka 2014 ulishinda tuzo ya kwanza ya Hackaday, iliyokuwa na thamani ya karibu dola 200,000, na kutokana nayo wakaanzisha taasisi ya Libre Space Foundation. Shindano lile lilipima nyaraka na uwazi wa kazi. Hawakuuza kifaa kimoja kimoja kwa umati. Uzuri zaidi ni kwamba vituo vya SatNOGS hujengwa na watu wenyewe katika nchi mbalimbali, kwa hiyo kila aliyejenga chake akawa mtangazaji wa mradi bila kuambiwa.

Upungufu wa njia hii ni kwamba haikulipii kodi ya nyumba, na inahitaji nidhamu ya kujibu. Mtu akiuliza swali la kipumbavu kuhusu volti, jibu. Wa pili akiuliza lilelile, jibu tena, kisha lihamishie kwenye maelekezo.

Jukwaa la mkutano

FOSDEM, mkutano wa watu wa programu huria, hufanyika Brussels kila mwaka, mwanzoni mwa Februari au mwisho wa Januari, kwenye chuo kikuu cha ULB. Kuingia ni bure, hakuna hata kujisajili, na kuna chumba cha vifaa huria na usanifu unaofanywa kwa kompyuta (CAD). Mwaka 2017 Olimex, kampuni ya Plovdiv, Bulgaria, iliitambulisha pale Teres-I, kompyuta mpakato ya kujiunganishia mwenyewe, bodi zake zikiwa zimechorwa kwa KiCad. Ukitazama ukumbi wa namna ile, mzungumzaji ana muda mfupi, slaidi chache, na kifaa mkononi. Akishuka, watu wanamfuata kwenye korido wanakigeuzageuza. Dakika kumi za korido huzaa kuliko hotuba yenyewe, kwa kuwa ndipo mtu anakuambia "hiki kiunganishi ulichotumia kimeshaondolewa sokoni, tumia kile".

Ila kwa mtu wa huku, bure ya FOSDEM si bure. Kuna nauli, kuna viza ya Schengen, kuna baridi. Hotuba zao hurekodiwa na kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo kuzitazama hakukugharimu zaidi ya bando, na ni shule nzuri ya kujua watu wa fani hii huulizana nini. Kusafiri mwenyewe kunalipa pale tu una kitu kinachoshikika na umeshapangiwa muda wa kuzungumza.

Karibu zaidi kuna AfricaOSH, mkutano wa sayansi na maunzi huria wa Afrika, ulioanzia Kumasi, Ghana, mwaka 2018 na kufanyika Dar es Salaam mwaka uliofuata. Dar haikuokotwa tu. Karakana ya STICLab ilikuwa pale ikitengeneza vichapishi vya 3D, na hadubini ya OpenFlexure, iliyoanzia Uingereza na kutumia kamera ya Raspberry Pi, ilifanyiwa kazi kwa ushirikiano na watu wa Chuo Kikuu cha Bath, STICLab na Taasisi ya Afya Ifakara. Hadubini ile ni somo zuri la kutangaza. Aliyeisikia Tanzania aliisikia kupitia maabara, mbele ya sampuli za malaria, na kampeni ya pesa haikuhusika. Kifaa chako kikiwa na kazi mahususi, kipeleke kwanza palipo na kazi hiyo.

Muhuri na jarida

Hapa nitapita haraka. OSHWA, chama cha maunzi huria, hutoa cheti cha maunzi huria tangu mwaka 2016. Ni bure, unajaza mwenyewe, unapewa namba inayoanza na herufi za nchi yako, TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, na mradi unaingia kwenye orodha ya dunia. Ukidanganya kuna adhabu. Cheti hakikuletei umati, lakini kinamwondolea mashaka mtu anayekutilia shaka. Kifanye kabla ya njia nyingine yoyote, kwa kuwa gharama yake ni jioni moja.

Majarida kama HardwareX na Journal of Open Hardware yanawafaa walio vyuoni. Makala inayopitiwa na wataalamu inakupa kitu cha kuandika kwenye wasifu na kinachoweza kunukuliwa, lakini ulizia ada ya uchapishaji kabla hujaanza kuandika. Kwa mtu wa karakana asiye na chuo nyuma yake, huko ni kujichosha.

Duka dogo

Tindie, soko la vifaa vinavyotengenezwa na watu binafsi, lilianza mwaka 2012. Unaweka bodi ishirini, zinakwisha, unatengeneza nyingine. Hakuna lengo, hakuna siku ya mwisho, hakuna anayekudai kwa tarehe uliyoahidi ukiwa na furaha. Njia hii inaendana na watu waoga wa madeni, na mimi ni mmoja wao. Kikwazo ni malipo. Kenya mtu huweza kutoa pesa ya PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018, ila zipo nchi ambako PayPal hukuruhusu kulipa tu, kupokea hapana. Hakikisha hilo kabla ya kupiga picha za bidhaa.

Olimex na MNT Research ya Berlin wanauza pia kwenye maduka yao wenyewe. MNT ndio waliotengeneza Reform, mpakato huria wenye kibodi ya vitufe vya mitambo na betri nane za seli za duara ambazo mtumiaji huzibadilisha mwenyewe. Kabla ya kampeni yao ya Crowd Supply ya mwaka 2020 walishatoa kundi dogo la matoleo ya majaribio kwa watu waliokuwa tayari kuvumilia kasoro. Duka dogo likaja kwanza, umati ukafuata.

Na soko la nyumbani? Makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uhandisi, video fupi ya TikTok inayoonesha bodi ikiwaka, muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue anayekubali kuweka bodi tano kwenye kabati lake la kioo. Haya hayaleti dola, lakini yanaleta mtu atakayekupigia simu na kusema "kaka, hii kitu imekataa kuwaka", ukaenda ukamwona uso kwa uso, ukajua tatizo ni chaja ya simu ya bei rahisi isiyotoa ampea zilizoandikwa. Maelekezo ya Kiswahili, hata kurasa mbili, yatakutofautisha na bodi zote zilizomo katika kabati lile.

Nani aende wapi

Mwanafunzi au fundi mwenye bodi ya kwanza inayofanya kazi nusunusu: daftari la wazi na cheti cha OSHWA, basi. Kampeni isubiri mpaka watu wasiokujua wawe wamejenga bodi yako wenyewe kutokana na faili zako na ikawaka. Huo ndio mtihani, na hauna mbadala.

Kikundi chenye toleo la tatu, orodha ya watu wanaouliza "nitainunua wapi", na nukuu ya bei kutoka kiwandani: Tindie au duka lako kwa kundi la kwanza, kisha omba Crowd Supply. Hotuba ya mkutano ipangwe kabla ya kampeni kufunguliwa, ili wanaokusikia wawe na mahali pa kwenda wakiwa bado na moto.

Kampuni iliyosajiliwa nje, yenye kifaa cha mtu wa kawaida na akiba ya kumudu kuchelewa: Kickstarter inawezekana, na weka tarehe ya kutuma mbali kuliko moyo wako unavyotaka. Watu wa maabara na vyuo waende kwenye jarida na AfricaOSH, na kifaa kikae mikononi mwa watakaokitumia.

Na kwa aliyebuni kompyuta nzima, yenye skrini, kibodi, betri na kasha, asitangaze kompyuta nzima kwanza. Atangaze bodi mama. Ndiyo rahisi kutuma, haina betri ya kuzuiwa uwanja wa ndege, haina kasha la kupasuka njiani, na atakayeinunua ni yule anayeweza kukuambia kasoro zake kwa lugha ya volti na pini. Novena waliuza bodi yao kando kwa dola 500 kwenye kampeni ileile iliyokuwa na mpakato. Wewe unaweza kuzitenganisha kwa mwaka mzima.